Mahindi ya Zizini

Kaka yangu alinipiga kwa mpini wa jembe kwa sababu mahindi yaligeuka manjano. Alinipiga mgongoni na nyongani mpaka mpini ukakatika, na ulipokatika akazidi kukasirika, maana aliuchonga mwenyewe na ulimchukua siku mbili. Mimi nami nilimng'ata mkono nikaonja damu. Mama alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mtama. Alituambia kwa Kizigua kwamba tukimaliza, mmoja wetu akachote maji. Kwetu ugomvi haukuwa habari. Baba alitulea kwa makofi, na alipokufa alituachia mikono yake.

Tulikaa upande wa Handeni unaoshuka kuelekea nyika, ambako mvua hainyeshi mpaka watu wamekwisha kata tamaa. Miaka ile ya soko huria redio ilisifu uhuru wa kuuza na kununua, na sisi tukaona kufuli kwenye mlango wa ghala la ushirika. Mbolea tuliyozoea kugawiwa kwa bei ya serikali ikahamia duka la Mhindi mjini, ikawa inapimwa kwa kopo. Kaka alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye mkonge, upande wa Mnyuzi. Shamba likapata mwenyewe mpya, watu wakapunguzwa, naye akarudi nyumbani na godoro na baiskeli isiyo na mnyororo. Mimi nilirudi kutoka Mashewa nilikoolewa. Mume wangu aliniangusha meno mawili kwa ngumi moja, nikamwachia meno hayo pamoja na ndoo zangu. Basi tukawa watu wazima wawili wenye hasira ndani ya nyumba ya mama mmoja, na shamba letu lilikuwa limechoka kuliko sisi.

Kaka akaanza kuchoma mkaa. Karibu kila mwanamume kijijini alichoma mkaa miaka ile, kwa sababu malori ya Dar es Salaam yalikuja mpaka mlangoni na hayakumuuliza mtu kama alisoma. Miti iliangushwa mpaka tukawa tunaona nyumba ambazo zamani tulikuwa tunasikia majogoo yake tu.

Mimi ndiye niliyeona jambo lile. Pale palipokuwa na matanuri ya mkaa ya zamani, kwenye viraka vyeusi vilivyobaki, mahindi yaliyodondoka na kujiotea yalikuwa na mashina manene na majani ya kijani kibichi kinachokaribia weusi. Hatua tatu kutoka hapo, mahindi yaliyopandwa na kupaliliwa yalinifika magotini yakakomea hapo. Nikawaza kwamba siri ni zile chenga za mkaa, vipande vidogo ambavyo hakuna anayevinunua. Nikazizoa kwa kikapu, nikazitwanga kwenye kinu, na masika ilipofika nikamwaga chenga kavu katika kila shimo la shamba zima, bila kujaribu kwanza hata mstari mmoja. Ndiyo tabia yangu. Nikiamini kitu, nakiamini chote.

Mahindi yakaota, yakafika kwenye kifundo cha mguu, yakawa manjano. Hapo ndipo mpini ulipokatika.

Bwana shamba alipita siku chache baadaye, anasukuma baiskeli kwa sababu tairi lilikuwa limefungwa kwa kamba ya mkonge na halikubali kupandwa. Alitazama mahindi, akatazama jinsi ninavyoinama kwa shida, akauliza habari za mahindi tu. Nilimweleza. Alicheka kidogo, si kwa dharau, akaniambia nilikuwa nusu ya njia. Mkaa mkavu, alisema, una njaa. Una vitundu ambavyo jicho halivioni, na ukiuzika mtupu unameza chakula chote cha udongo kabla mmea haujaonja. Lazima ulishwe kwanza. Uuchanganye na samadi na mkojo wa ng'ombe na udongo wa chini ya miti mikubwa, uufunike, uuache ushibe. Ndani ya vitundu vile wataingia vijidudu wazuri wa udongo, na ndio watakaoyalisha mahindi mwaka hadi mwaka. Viraka vya matanuri vilikuwa vimelishwa na mvua na majani kwa miaka mingi, mimi nikataka kufanya kazi hiyo kwa siku moja. Alisema mambo hayo aliyasikia kwenye semina Korogwe na hakuwahi kumwona mtu akiyafanya.

Sisi hatukuwa na ng'ombe. Wenye ng'ombe walikuwa wafugaji, ambao boma lao lilikuwa mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, upande wa nyika. Mama mmoja wa boma lile alituletea maziwa kwa kibuyu tangu mimi sijaolewa. Nilimwita yeyo, kama wanavyowaita mama zao, na kwa umri angeweza kuwa dada yangu mkubwa sana. Nilipomwendea kumwomba mavi ya ng'ombe alinitazama usoni kuona kama nina homa. Kwao yalikuwa yamejaa zizini mpaka ndama wanazama. Akaniambia nichukue niwezayo, nami nikawa nampelekea pumba za mahindi.

Mume wake alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye jicho moja lililofifia. Siku ya kwanza aliniona nachota samadi ya juu, ile kavu. Akaja, akanipokonya jembe, akachimba pembeni pale ng'ombe wanapolala, akanitolea ile iliyolowa mkojo, nyeusi, yenye mvuke. Alijaza gunia kwa mikono yake mwenyewe. Mkewe aliniambia baadaye kwamba hajawahi kumwona akifanya hivyo kwa ajili ya mtu yeyote, na kwamba wanaume wenzake walimtania wiki nzima.

Nililimbika lundo langu nyuma ya nyumba: chenga zilizotwangwa, samadi, pumba, na udongo wa chini ya mikuyu ya bondeni. Nikafunika kwa majani ya mgomba. Lilipata joto mpaka mkono haukukaa. Kila baada ya siku chache nililigeuza kwa jembe, natoka hapo mweusi kuanzia kichwani, na watoto wa jirani wakikimbia. Wiki ya nne likapoa. Nilipolifunua nilikuta nyuzi nyeupe, laini, zimepita katikati ya weusi wote, na harufu ya udongo wa baada ya mvua. Nilikaa chini pale nikalia, na sijui hata leo kwa nini nililia. Safari hiyo nilitia konzi mbili kwa kila shimo, mistari sita tu.

Mistari ile sita ilitoa mahindi ambayo watu waliyaegemea wakiongea. Kaka aliyatazama kila asubuhi kwa siku nyingi. Tanuri lililofuata alipolifungua, aliniletea chenga mwenyewe, mgongoni. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa samahani, nami niliipokea.

Mambo yaliharibika vuli iliyofuata. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi machanga ya watu, wakala na kukanyaga mashamba manne, letu likiwa la pili. Zamani kulikuwa na utaratibu: wafugaji waliingiza ng'ombe wakati wa mabua, baada ya mavuno, wakala mabua na kuacha samadi, na kila mtu alishukuru. Lakini misitu ilipokatwa kwa mkaa na ardhi ikaanza kuuzwa, njia za ng'ombe zikawa mashamba, na hakuna aliyewauliza ng'ombe. Sisemi hivyo ili kuwatetea. Siku ile nami nilitoka na fimbo na nilimpiga ndama mpaka akaanguka kwa magoti.

Kaka alifanya zaidi. Alimshika mtamba mmoja, akamkata mshipa wa mguu wa nyuma kwa panga, akamwacha anajikokota mbele ya aliyekuwa anachunga. Mchungaji huyo alikuwa mdogo wa mume wa yeyo, kijana wa maneno mengi. Alisimama pale na fimbo yake, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie kwamba mtamba yule ana wenyewe, na sisi wakulima pia tuna nyumba. Mama alipoelezwa maneno hayo alisema maji ya moto hayachomi nyumba. Yeyo hakuleta maziwa tena.

Mume wake alituma mtu mara mbili kwamba wakae waongee, kaka alipe mtamba, wao walipe mahindi. Kaka alijibu kwamba hana cha kuongea.

Miezi ikapita, joto la mwanzo wa mwaka likafika, na masika ikakaribia. Kaka alifungua tanuri kubwa kuliko yote, akanitandazia chenga uani, kisha akaenda Korogwe kutafuta lori. Nilipanga lundo la shamba zima. Wachoma mkaa wana sheria moja ambayo hata mtoto wa kwetu anaijua: chenga zikitoka tanurini hulala nje siku tatu ndipo zitiwe kwenye gunia. Mkaa mkubwa ukiwa na moto utauona. Chenga huficha moto ndani, zikalala nao kimya.

Siku ya pili, alasiri, mawingu yalijikusanya. Chenga zikilowa hazitwangiki, zinakuwa tope. Nilipitisha kiganja juu yake, zilikuwa baridi. Nikazizoa nikajaza magunia manne, na mahali pakavu kuliko pote nyumbani kwetu palikuwa dari ya jikoni, juu ya mafiga, ambako mama alitundika mahindi ya mbegu. Nikayapandisha huko peke yangu, gunia kwa gunia, najisifu kwa nguvu zangu. Mvua yenyewe haikunyesha.

Kesho yake kaka alirudi, tukaenda shambani kuchimba mashimo. Mama alibaki jikoni. Dari ya kwetu kila siku ilikuwa na moshi, maana mbegu hukaa kwenye moshi ili wadudu wasiibungue. Kwa hiyo mama alikaa chini ya moshi asubuhi nzima, akakohoa, akaendelea kumenya mihogo yake. Kama ingekuwa nyumba ya watu wengine, watu wasiotunza mbegu darini, wangetoka nje mapema.

Tuliona moshi tukiwa shambani. Tulikimbia. Tulipofika, paa la jikoni lilikuwa limekwisha anguka na moto umeingia nyumba kubwa. Mama alikuwa nje, amepiga magoti, amekumbatia mahindi ya mbegu manne au matano. Alikuwa amepandisha mikono kuyatoa darini. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imeambuka kama maganda na hakuwa analia, alikuwa anayahesabu yale mahindi. Kaka alitaka kumnyanyua, hakujua amshike wapi. Alianza kujipiga ngumi kichwani, ngumi za kweli, mpaka majirani wakamshika.

Mtu mmoja akasema amemwona yule kijana wa wafugaji akipita njia ya kisimani asubuhi. Mwingine akakumbusha maneno ya nyumba. Basi ikatosha. Jioni mvua ikanyesha, kubwa, ikazima kila kitu.

Asubuhi niliingia kwenye majivu kutafuta sufuria. Kila kitu kilikuwa baridi na maji. Pale ilipoanguka dari nilikanyaga rundo jeusi na mguu wangu ukazama kwenye moto. Nilipiga kelele, nikautoa, unyayo umebabuka. Nikachukua mti nikafukua. Chini ya tabaka lililolowa, chenga zangu zilikuwa bado nyekundu, zinapumua, na upande mmoja kulikuwa na kipande cha gunia kilichoungua kutoka ndani kwenda nje. Hakuna mfugaji aliyewasha kitu. Nilikuwa nimepandisha moto darini kwa mabega yangu mwenyewe na kumkalisha mama yangu chini yake.

Uani kulikuwa na wanaume kama ishirini. Walikuwa wananoa mapanga kwenye jiwe letu la kunolea, kwa zamu, wanapokezana kwa adabu. Wengine walikuwa na mikuki ya nguruwe, mmoja alikuwa na dumu la mafuta ya taa. Nilimwita kaka nyuma ya ua wa minyaa. Nilisimama kwa mguu mmoja nikamweleza yote: mawingu, siku ya pili, magunia, dari. Nilisema kwa sauti ya chini.

Alinishika taya kwa mkono mmoja, akaibana mpaka nikahisi pengo la meno yangu likikutana na ulimi.

"Umemwambia nani mwingine?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi hujaniambia," alisema. "Watu wameshakuja."

Alinisukuma nikaangukia minyaa, utomvu ukanirukia shingoni. Akarudi uani. Nilisikia wakiondoka, na sikupiga kelele. Nimewahi kujiambia kwamba niliogopa wangeniua mimi badala yake. Nimewahi kujiambia kwamba hata ningesema wasingenisikia. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliona aibu kwa ajili ya mikono ya mama, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko uhai wa watu wa boma lile. Niliwafuata nachechemea, na mpaka leo sijui nilifuata nini.

Walipofika hawakuongea. Walimwaga mafuta kwenye ua wa miba wakauwasha, na miba mikavu ya miaka mingi ikashika moto kwa kishindo. Ng'ombe walikuwa bado zizini. Walilia sauti ambayo sikujua ng'ombe anayo, wakagongana, wakavunja upande mmoja wa ua na kutoka huku mikia inawaka, na wanaume wetu walikuwa wamewangoja hapo na mapanga. Walikata miguu, walikata matumbo. Mtu niliyesali naye, mtu aliyemuosha baba yangu alipokufa, alikuwa amelowa damu mpaka kwenye nyusi na anacheka.

Mume wa yeyo alitoka kwenye mlango wa zizi na fimbo ya kuchungia. Sime yake ilikuwa kiunoni, hakuigusa. Alinyanyua mkono uliokuwa mtupu. Nadhani alifikiri wamekuja kwa ajili ya mtamba, kwamba hatimaye kaka amekubali wito. Alisema, "Karibuni. Tukae, tuongee."

Kaka alimkata shingoni, kwenye kiungo cha bega. Akaanguka kwa magoti kwanza. Kaka akamkata tena, halafu wengine wakaja, kwa sababu mtu akishaanguka kila mtu ana ujasiri. Yule kijana wa maneno mengi hakuwepo hata kidogo. Alikuwa amekwenda mnadani Handeni tangu juzi yake.

Wanaume walipotawanyika, yeyo alitoka mahali alipokuwa amejificha na watoto. Alikaa chini kwenye mavi na damu, akaweka kichwa cha mumewe mapajani. Mume alikuwa bado anapumua. Yeyo akaniona nimesimama. Hakunitukana.

"Mmekuja kwa nini?" aliniuliza.

Nilimsaidia kumfunga mumewe jeraha kwa kanga yangu, ikajaa damu mara moja. Tulimpandisha kwenye lori la mkaa lililokuwa linapita, juu ya magunia, na yeyo akapanda naye. Mumewe alikufa kabla hawajafika Korogwe.

Polisi walikuja. Kaka na wenzake sita walichukuliwa. Kijiji kizima hakikuona kitu. Wanaume walikuwa shambani, wanawake walikuwa kisimani, na wagonjwa walikuwa wamelala. Mimi niliulizwa nyumba yetu ilichomwa na nani. Nilisema sijui. Wafugaji waliobaki walikusanya ng'ombe waliobaki wakahama, na boma likabaki tupu.

Sasa nitasema jambo ambalo ni baya kuliko yote, na nalisema kwa sababu mficha uchi hazai. Mvua za masika zilianza kwa kishindo. Kaka alikuwa mahabusu, mama alikuwa na mikono iliyofungwa vitambaa, nalala naye chini ya maturubai, na shamba letu lilikuwa na mashimo matupu na sina lundo. Siku moja nilipita bomani. Ua wa miba ulikuwa umeungua ukawa mkaa, ukaanguka ndani ya zizi, juu ya samadi ya miaka kumi iliyolowa mkojo. Ng'ombe waliokuwa wakikimbia walikuwa wameukanyaga ukasagika ukachanganyika. Mvua ilikuwa imeunywesha wiki tatu. Nilipiga jembe mara moja tu, nikazikuta zile nyuzi nyeupe.

Nilijua ninachokiona. Hakukuwa na mtu katika wilaya nzima aliyejua kama mimi. Ardhi ile ilikuwa tayari.

Nilikwenda Kwamndolwa kwa shangazi yangu nikaomba mbegu, nikarudi nikapanda zizi zima. Nilipanda mpaka mlangoni. Palipo na damu niliruka, kisha siku ya pili nikarudi nikapanda na hapo.

Kaka na wenzake walirudi wakati wa palizi ya pili, kwa kukosekana shahidi. Alikuta mahindi yananipita kimo. Hakuuliza kwa nini pale. Alichukua jembe akaanza kupalilia, na alipofika mlangoni pa zizi alitupa jembe, akaenda kutapika, akarudi akaendelea. Hatukupigana tena mimi na yeye tangu siku hiyo. Watu walisema tumekua.

Mahindi yakazaa mawili mawili, mengine matatu. Bwana shamba alisikia, akaja na kikundi cha wakulima kutoka upande wa Korogwe wajionee. Walipapasa majani, walichota udongo wakaunusa. Walinitaka nieleze. Nilisimama mbele yao nikaeleza: chenga za mkaa, samadi yenye mkojo, mvua, subira, msitie mkaa wenye njaa. Nilieleza vizuri. Mmoja aliuliza nilichukua muda gani kuandaa. Nikasema wiki tatu. Walinipigia makofi.

Yeyo alikuja wakati wa kuvunja. Nilikuwa peke yangu katikati ya mahindi makavu, nasikia mabua yanaachana, nikamwona. Alikuwa amekonda na amenyoa kichwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya kawaida. Alipita mistari polepole akigusa mashina, mpaka mlangoni pa zizi, akasimama hapo. Alijua mahali penyewe bila alama yoyote. Alimenya hindi moja, akalitazama punje zake, halafu akanigeukia na kungoja.

Nikamwambia. Nilianza na mawingu nikamaliza na gunia lililoungua kutoka ndani. Alisikiliza bila kunikata.

"Kaka yako alijua?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Kabla hawajatoka."

"Pale kwenu walikuwa wangapi?"

"Kama ishirini."

"Na wao uliwaambia?"

Nilisema hapana.

Aliliweka lile hindi chini, juu ya udongo, taratibu, wala hakulitupa. Nilitamani anipige. Nilikuwa nimesimama tayari, mikono imelegea, na angekuwa na panga nisingesogea.

"Na sauti unayo," alisema. "Nilipokuwa nakuja na maziwa nilikuwa nakusikia ukigombana na kaka yako, mimi niko bado mbali kule kwenye njia."

Kisha akarudi alikotoka. Nilimtazama mpaka akapotea upande wa nyika, nikaendelea kuvunja mahindi. Tuliyala mpaka vuli, mimi na kaka, na mama tukimlisha kwa mkono. Yalikuwa matamu.